Wiski mbili, bia mbili na marafiki sita: namna ya kuonja mpaka tofauti ionekane

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni marafiki sita hapa Arusha, tunakutana kila mwisho wa mwezi nyumbani kwa mmoja wetu. Juzi mwenzetu aliyetoka safari Uskoti alileta chupa mbili za wiski, Glenfiddich ya miaka 12 na Laphroaig ya miaka 10. Mwingine alivuka Namanga na bia za krafti, yaani za viwanda vidogo, za Nairobi: IPA (India Pale Ale) na stauti, ile nyeusi. Tulikula nyama choma na kachumbari, tukatoa bia kwenye friji zikiwa baridi kabisa, tukaonja kila kitu, tukaishia kubishana. Mmoja anasema Laphroaig inanuka hospitali, mwingine anasema IPA imeharibika kwa jinsi ilivyo chungu, na mimi kwenye wiski nilisikia kuchoma tu. Tufanyeje ili tujue ipi ni bora? Kutia maji kwenye wiski ni kuiharibu? Na miaka iliyoandikwa kwenye chupa ndiyo kipimo cha ubora?

JIBU: Kaka, mezani mlikuwa na vinywaji vinne vizuri, ila mlivionja katika hali inayoficha karibu kila kilichomo. Ulimi ulitoka kwenye kachumbari yenye pilipili, bia zilikuwa zimepoa kupita kiasi, na zile wiski mbili zinatofautiana kwa mambo mengi kwa wakati mmoja. Juu ya hayo mkauliza ipi ni bora. Naomba swali hilo mliweke kando kwanza. Ladha inajitokeza pale unapoweka glasi mbili bega kwa bega, huku ukijua ni jambo gani hasa linazitofautisha. Hapo unachokisikia mdomoni kinapata jina na chanzo: huu ni moshi, hili ni pipa, hizi ni hopsi, yaani maua machungu yanayotiwa kwenye bia. Ukishafika hapo, kila mmoja wenu atajua anachokipenda na ataweza kueleza kwa nini, na ubishi wenu utakuwa mtamu zaidi.

Bia na wiski zinaanza mahali pamoja, kwenye kimea. Shayiri inalowekwa, inaachwa ichipue kidogo, kisha inakaushwa kwa joto isiendelee kuota. Ukiwa mtu wa kaskazini, pengine umeshaona ulezi ukifanyiwa hivyohivyo kabla ya kuingia kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Kuchipua kunaamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Kimea kikisagwa na kutiwa maji ya moto yanatoka maji matamu, na hamira ikiingia humo sukari inageuka kilevi na gesi.

Kuanzia hapo njia zinaachana. Mpishi wa bia anayachemsha yale maji matamu pamoja na hopsi kabla hajatia hamira. Mpishi wa wiski hatii hopsi. Anaacha yachachuke siku mbili hadi nne hivi, anapata pombe nyepesi ya asilimia 7 hadi 10, kisha anaikeneka kwenye mitambo ya shaba, kwa kawaida mara mbili, mpaka inafika karibu asilimia 70. Kinachotoka ni cheupe kabisa, hakina hata dalili ya ile rangi ya dhahabu. Ndipo kinaingizwa kwenye pipa la mwaloni. Sheria ya Uskoti inataka kikae pipani miaka 3 kwa uchache, ndani ya nchi hiyo, na kikija kwenye chupa kisiwe chini ya asilimia 40. Kwa hiyo, mkiwa na glasi mkononi, jiulizeni mambo manne: kimea kilikaushwaje, hopsi zimo au hazimo, hamira imefanya nini, na kama ni wiski, pipa limeacha nini.

Tuanze na hiyo harufu ya hospitali, maana mwenzenu aliyeitaja ndiye aliyenusa kwa makini kuliko wote.

Laphroaig inatoka kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti, na inapikwa huko tangu 1815. Islay haina misitu ya kutosha kuni, lakini ina vinamasi vingi, na humo hukatwa piti, yaani tabaka jeusi la mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Ikikaushwa inawaka taratibu na kutoa moshi mzito. Kimea kikiwa bado kibichi kinatandazwa juu ya moshi huo, nacho kinashika fenoli. Huo ni ukoo mkubwa wa kemikali, na ndani yake imo asidi ya kaboliki, ile ambayo daktari Joseph Lister aliitumia kusafishia vidonda huko Glasgow mwaka 1865. Dettol iliyoko bafuni kwako nayo ni ya ukoo huohuo. Pua ya mwenzenu ilisema kweli tupu. Alichokosa ni kuvumilia dakika tano glasi ipumue, kwani chini ya ile dawa kuna chumvi, majivu, na mwishoni kabisa utamu wa vanila.

Glenfiddich ni ya Speyside, bonde la kaskazini mashariki, na mitambo yake ilitoa pombe ya kwanza siku ya Krismasi mwaka 1887. Kimea cha ile ya miaka 12 hakina moshi wa piti. Ukiinusa baada ya Laphroaig hutasikia kitu, na nadhani ndicho kilichowapata. Ukiinusa kwanza, utakutana na peasi na tufaha la kijani, yale ya Lushoto yenye ugumu kidogo, kisha asali na mbao kavu. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya meza yenu: kisicho na moshi kinatangulia, chenye moshi kinafunga. Fenoli zikishakaa puani haziondoki upesi.

Kama mnataka kumbukumbu ya moshi wa kulinganishia, mko mahali pazuri. Tafuteni maziwa ya kibuyu cha Wamasai, kile kinachosafishwa ndani kwa kijinga cha mzeituni mwitu. Moshi ule ni mkavu, safi, una utamu kwa mbali. Moshi wa piti una udongo uliolowa na dawa ndani yake. Mtu akishavinusa vyote viwili kwa kufuatana, neno "moshi" halimtoshi tena. Ataanza kuuliza ni moshi wa nini. Na hapo nawasihi: tajeni vitu mnavyovijua. Karatasi nyingi za maonjo zimejaa matunda ya porini ya Ulaya ambayo wengi wetu hatujawahi kuyaweka mdomoni. Ukisema balungi, ukwaju, sukari guru, ng'onda au mkate uliobabuka, wenzako watano watakufuata moja kwa moja.

Sasa kuchoma. Kilevi huchokoza kipokezi kilekile cha neva kinachochokozwa na pilipili. Ndiyo maana wiski inaleta joto hata ikiwa haijapashwa, na ndiyo maana kachumbari yenu ilikuharibia jioni. Kipokezi kilikuwa kimeshachokozwa tayari. Kwa kazi ya kuonja, nyama na pilipili vije mwishoni. Kabla ya hapo kuleni mkate mweupe au viazi vya kuchemsha, na maji ya kawaida yawe mezani.

Namna ya kunywa nayo ina utaratibu wake. Mimina kidogo, mililita 15, yaani nusu toti, kwenye glasi iliyobana juu. Kuna glasi maalumu za wiski zinazoitwa Glencairn, lakini glasi ndogo ya mvinyo inatosha vizuri. Usiizungushe kwa nguvu kama watu wanavyofanya na mvinyo; utakuwa unaurusha mvuke wa kilevi puani. Ilete taratibu kuanzia usawa wa kidevu, midomo ikiwa wazi kidogo, unuse huku unapumua kwa mdomo pia. Mkupuo wa kwanza uwe mdogo sana, ukae nao mdomoni, umeze, wala usiuhukumu. Huo ni wa kuuambia mdomo kinachokuja. Ladha utaisikia kwenye wa pili, na hasa baada ya kumeza, pumzi inapotokea puani. Nikiwa na mtu anayeniambia anasikia kuchoma tu, namwomba atoe pumzi kwa pua baada ya kumeza mkupuo wa pili, polepole, mdomo umefungwa. Mara nyingi uso wake hubadilika hapohapo.

Ndipo maji yanaingia. Tieni bila hofu. Kijiko kimoja cha chai cha maji kwenye zile mililita 15 kinaishusha wiski ya asilimia 40 hadi asilimia 30 hivi, na ukali unapungua huku harufu ikibaki. Waonjaji wa viwandani, wale wanaochagua pipa lipi lichanganywe na lipi, kwa kawaida hunusa wiski iliyoshushwa hadi asilimia 20 hivi. Kazi yao inategemea pua, na wanatia maji. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, waliigiza kwa kompyuta mwenendo wa gwayakoli, moja ya zile fenoli za moshi, ndani ya mchanganyiko wa maji na kilevi. Kilevi kikiwa hadi asilimia 45, gwayakoli inakaa karibu na uso wa kinywaji, pale pua inapoipata. Kikipita asilimia 59 inazama ndani, imezungukwa na kilevi. Maana yake kwenu ni hii: wiski iliyotoka pipani bila kupunguzwa, yenye karibu asilimia 60, inafunguka sana kwa maji. Chupa zenu za asilimia 40 na kitu zimeshapunguzwa kiwandani, kwa hiyo faida kubwa ya kijiko chenu ni kutuliza moto. Barafu ni habari nyingine. Inafaa siku ya joto unapotaka kupoa, ila inaufunga mvuke wote uliokuja kuutafuta, kwa hiyo siku ya kulinganisha iacheni jikoni.

Kwenye bia, kosa lilikuwa baridi. Najua swali la kaunta zetu, "baridi au ya moto?", na najua wengi tukijibu baridi tunataka chupa yenye jasho. Kwa laga nyepesi, kama Kilimanjaro, mchana wa jua hakuna ubaya wowote. Lakini baridi ya friji inaziba harufu na kuacha uchungu ukiwa peke yake, na IPA iliyobaki na uchungu peke yake lazima mtu aseme imeharibika. Itoeni kwenye friji dakika 15 hadi 20 kabla. IPA inapendeza kwenye nyuzijoto 8 hadi 10, stauti juu kidogo ya hapo, 10 hadi 13. Na imimineni kwenye glasi, yote, ipate povu la vidole viwili. Kunywa kutoka kwenye chupa au kopo ni kuiacha pua nje ya shughuli.

Uchungu wa IPA ni wa makusudi. Unatoka kwenye hopsi, maua ya mmea unaotambaa wa nchi za baridi. Hopsi zikichemshwa muda mrefu zinatoa uchungu. Zikiingia mwishoni, au zikilowekwa kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, zinatoa harufu. Harufu ndiyo iliyoanzisha hizi bia za krafti kama tunavyozijua leo. Mwaka 1972 huko Marekani ilitoka aina ya hopsi iitwayo Cascade, yenye harufu ya balungi na maua, na wapishi wachache wa California wakaishika. Sierra Nevada, kiwanda kilichoanzishwa mji wa Chico, ilianza mwaka 1980 kupika bia yake maarufu, Pale Ale, kwa hopsi hizo, na kizazi kizima cha wapishi wadogo kikafuata. Leo zipo hopsi zenye harufu ya embe, pasheni na nanasi, na mwenye kunusa kwa mara ya kwanza haamini kwamba hakuna tunda lililotiwa.

Mchaga yeyote anayejua mbege anajua pia kwa nini kitu chungu kinatiwa kwenye kinywaji kitamu. Ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi vina utamu mzito, ndipo maji ya gome la msesewe yanaukata. Wapishi wa Ulaya walifika kwenye jambo hilohilo kwa hopsi, na wakapata faida ya ziada, kwani hopsi huzuia baadhi ya vijidudu vinavyoiharibu bia. Mkipata mbege mbichi kutoka Marangu au Rombo, iwekeni mezani karibu na IPA. Msikilize uchungu wa gome unavyokaa nyuma ya ulimi na kukausha, na wa hopsi unavyopanda na harufu yake. Ulinganisho huo naupenda kuliko mwingine wowote ninaoutaja hapa, na kwa mtu wa Arusha hauna gharama kubwa.

Kama hamna mbege, laga yoyote ya kawaida inatosha kuwa kipimo. Kilimanjaro, Safari na Tusker ni wajukuu wa bia moja iliyopikwa mji wa Plzeň, katika Cheki ya leo, mwaka 1842: hamira ya baridi, kimea cheupe, kilevi cha wastani, ladha safi. Mmeinywa miaka yote, mdomo unaijua. Wekeni glasi ya Kilimanjaro kushoto na IPA kulia, nendeni mkirudi baina yake. Dakika kumi za namna hiyo zitawafundisha hopsi ni nini kuliko maelezo yangu yote. Kwa stauti fanyeni vivyohivyo na Guinness ya hapahapa: zote mbili zina nafaka iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, sehemu ndogo tu ya nafaka yote, lakini ndiyo inayotoa rangi, kahawa na ule ukavu wa mwisho. Tafuteni ipi ina kahawa zaidi, ipi ina chokoleti, ipi inaacha utamu.

Bia ikiharibika kweli ina dalili zake, na uchungu si mojawapo. Harufu ya siki ni vijidudu. Harufu ya karatasi ya boksi iliyolowa ni uzee na hewa iliyoingia. Siagi ya bisi za sinema ni kazi ya hamira ambayo haikumalizika. Ile harufu kali inayofanana na ya kicheche ni jua, kwani mwanga unavunja kemikali za hopsi, na chupa ya kijani au nyeupe hailindi kama ya kahawia. Ukiona chupa za bia zimepangwa dirishani mwa duka zikipigwa na jua, pita.

Hapa nina msimamo na sitauficha. Kwa IPA, bia mbichi ya jirani inaishinda bia maarufu iliyovuka bahari. Harufu ya hopsi inafifia kadiri miezi inavyopita, na joto la bandarini na la ghala linaharakisha. Tazameni tarehe ya kupakiwa kabla ya kutazama jina. Nairobi kuna 254 Brewing na Bateleur, Kampala kuna Banange, Kigali kuna Kweza, kiwanda kilichoanzishwa na kuongozwa na wanawake. Bia iliyotoka huko wiki chache zilizopita, ikasafiri ikiwa kwenye baridi, itawaonyesha zaidi ya kopo la Marekani lililokaa mwaka mzima kwenye rafu kwa bei mara tatu. Stauti nzito, zenye kilevi kingi, zinavumilia muda, IPA haivumilii.

Mkipata bia ya ngano ya mtindo wa Bavaria, iongezeni, maana inaonyesha kazi ya hamira peke yake. Inanuka ndizi mbivu na karafuu, na hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa. Vyote viwili vimetengenezwa na hamira. Ile karafuu nayo ni fenoli, ndugu wa karibu wa gwayakoli ya Laphroaig.

Kuhusu umri. Namba 12 kwenye chupa inasema kwamba wiski changa kuliko zote zilizomo ilikaa pipani miaka 12. Haisemi pipa lilikuwa zuri kiasi gani. Mapipa mengi ya Uskoti yalianza kazi Marekani, kwa sababu sheria ya bourbon, ile wiski ya Marekani, inadai pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani, kwa hiyo likishatumika kwa bourbon linauzwa. Mwaloni huo ndio unaoleta vanila, na ndio unaoleta ile harufu ya nazi ambayo watu wa Pwani huitambua kabla ya wengine. Pipa likiwa limetumika mara nyingi linatoa kidogo, hata ungeliacha miaka 20. Na hali ya hewa ina usemi mkubwa. Katika ubaridi wa Uskoti pipa hupoteza karibu asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukiza. Bangalore, India, ambako Amrut inapika wiski yake, upotevu unapita asilimia 10, na mbao zinafanya kazi kwa kasi, kwa hiyo chupa ya miaka michache ya huko inaweza kuwa na uzito wa wiski ya Uskoti iliyoizidi umri mara mbili. Afrika Kusini wana Bain's, wiski ya mahindi inayopikwa mji wa Wellington, ambayo mwaka 2013 na tena 2018 ilishinda tuzo ya wiski bora ya nafaka duniani. Bei yake ni ya watu wa kawaida. Rangi nayo msiitegemee, kwa kuwa Uskoti inaruhusu kutia rangi ya karameli.

Mnataka kujua kama kweli mnatofautisha? Fanyeni jaribio la glasi tatu, ambalo maabara za bia za Carlsberg, Denmark, zilianza kulitumia miaka ya 1940. Mmoja anajaza glasi tatu wengine wasione: mbili kinywaji kimoja, ya tatu kingine. Zifungeni karatasi nje zisionekane rangi. Kila mtu anatafuta isiyofanana. Kwa kubahatisha tu, mtu mmoja kati ya watatu atapatia, kwa hiyo katika watu sita wawili kupatia si jambo. Watano wakipatia, tofauti ipo na mnaisikia. Anzeni na laga mbili za kawaida. Wengi wanaoapa kwa bia yao ya miaka yote hupata kazi kubwa hapo, na ni vizuri wajue. Halafu jaribuni Glenfiddich dhidi ya wiski nyingine isiyo na moshi. Laphroaig msiipeleke kwenye jaribio hili, itajitaja yenyewe tangu mlangoni.

Hamkuuliza kuhusu kunywa bia na wiski pamoja, ila naona mtaifikia. Uskoti ni desturi ya zamani: glasi ndogo ya wiski na nusu painti ya bia, ukinywa hiki kidogo na kile kidogo, bila kuchanganya. Stauti na Laphroaig zinakubaliana, kwani zote zimepitia moto. Ule wa stauti ni wa kukaanga, wa wiski ni wa moshi, na ukibadilishana navyo, stauti inaonekana tamu zaidi kuliko ilivyokuwa peke yake. Glenfiddich inataka bia nyepesi; IPA itaifuta. Uhusiano huu upo hata viwandani. Innis & Gunn, kampuni ya bia ya Edinburgh, ilizaliwa mwaka 2003 kutokana na bia iliyowekwa kwenye mapipa ili kuyaandaa kwa wiski ya William Grant, familia ileile yenye Glenfiddich. Bia ilikuwa ya kumwagwa, wafanyakazi wakaionja wakakuta ina vanila na karameli ya mbao. Chicago nako, kiwanda cha bia cha Goose Island kiliweka stauti nzito kwenye mapipa ya bourbon miaka ya 1990, na ikawa mtindo uliosambaa duniani kote.

Basi mwezi ujao pangeni hivi: Kilimanjaro, IPA, Guinness, stauti ya Nairobi, mililita 100 kila moja; pumziko la nusu saa na mkate na maji; kisha Glenfiddich bila maji na kwa maji, halafu Laphroaig vivyohivyo, mililita 15 kila wiski. Jumla yake ni karibu sawa na chupa moja na nusu ya bia ya kawaida kwa mtu, kwa hiyo pua zitakuwa bado zinafanya kazi mpaka mwisho. Kila mmoja aandike maneno matatu kwa kila glasi kabla ya kufungua mdomo, la sivyo wote mtasikia alichosikia yule mwenye sauti kubwa. Baada ya hapo leteni nyama na pilipili, na atakayeendelea na toti nyingine aache funguo za gari kwa mwenye nyumba.

Ukiniuliza ya kwangu, usiku wa baridi wa Arusha mwezi wa saba nachagua Laphroaig yenye kijiko cha maji. Mgeni anayeanza wiski nampa Glenfiddich, na simharakishi.

Mtakaponunua chupa ya tatu, ichagueni itofautiane kwa jambo moja na hizi mlizonazo: bourbon yoyote ya kuaminika, ili msikie pipa jipya lilivyo kabla halijasafirishwa Uskoti. Nunueni duka lenye risiti, mkague kama muhuri wa kizibo na stempu ya kodi haujachezewa, kwa sababu chupa tupu za majina makubwa zinatafutwa na wanaojaza pombe ya ovyo. Kwa sababu hiyohiyo, zenu zikiisha zipasueni kabla ya kuzitupa. Zilizo na kinywaji bado zisimamisheni wima kabatini mbali na jua, zisilazwe kama mvinyo, maana kilevi kikali kinakila kizibo cha gome. Chupa ikishuka chini ya theluthi, hewa iliyo juu yake inaanza kuififisha, kwa hiyo imalizeni ndani ya miezi michache.